Futi Sita za Mtu Usiyemjua

Kijiwe chetu kina mabenchi mawili na kigoda kimoja, nyuma ya chuo kikuu, mkabala na geti dogo. Kulia kwetu ni karakana ya Randa, seremala, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Kushoto ni kibanda cha Nakala, mwenye mashine ya fotokopi, ambaye husoma kila karatasi inayopita mkononi mwake, hata barua za mapenzi za watu. Katikati anakaa Buli na birika lake la kahawa. Mimi nashona viatu, na wananiita Taya kwa kuwa zamani nilianguka kutoka juu ya paa nikavunjika taya. Liliungwa, lakini mpaka leo nikicheka linakwenda upande. Wa mwisho ni Redio. Redio anasema anauza betri. Betri zenyewe sijaziona, maneno ndiyo nimeyaona, na nimeyachoka. Asubuhi ninayowaeleza tulikuwa tumekaa watano hivyohivyo kama siku zote, isipokuwa tulikuwa tumezungukwa na majeneza thelathini na saba.

Jeneza moja mtu hulizoea, hasa ukiwa jirani wa seremala. Thelathini na saba, hapana. Yalikuwa yameanza kuongezeka miezi mitatu nyuma, moja baada ya jingine, mbao nyeupe zilizopigwa msasa mpaka ukipitisha mkono unateleza. Yakajaa karakana, yakajaa uani, yakaja mpaka nyuma ya benchi letu. Mtaa ulitishika. Wapo waliokwenda kupima presha bila kuumwa chochote. Ukimuuliza Randa anajibu, "Kazi ya chuo," kisha anaendelea kupiga randa. Ni jana yake tu mchana, alipokuja karani wa manunuzi, akauona mzigo wake na kujishika kichwa kwa mikono miwili, ndipo tulipojua kwamba kuna kosa, na kosa lenyewe ni la urefu.

Asubuhi hiyo Randa alikuwa amekaa kwenye kigoda, msumeno juu ya mapaja.

Redio: Kata tu, bwana. Msumeno ni wako, mkono ni wako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Buli: Sasa koleo limeingiaje hapa?

Redio: Ni chombo cha kazi. Na msumeno ni chombo cha kazi. Wewe mimina kahawa.

Mimi: Randa, hebu tueleze vizuri. Karatasi ya chuo ilisemaje?

Randa: Urefu sentimita arobaini na tano. Upana thelathini. Kimo thelathini.

Mimi: Na wewe ukapiga futi sita.

Randa: Nilidhani karani kakosea kuandika. Mtu gani wa sentimita arobaini na tano?

Mimi: Ungeuliza.

Randa: Niliuliza! Nilikwenda mpaka ofisini, nikavua kofia. Nikamwambia, kijana, hawa marehemu ni watoto au watu wazima? Akasema watu wazima wote, mzee, maprofesa wamethibitisha. Basi. Nikarudi zangu. Marehemu fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na neno moja: mtu usiyemjua mpe futi sita. Akiwa wa kawaida atatosha, akiwa mfupi atapata pa kujinyoosha.

Mimi: Kwa hiyo karani hakukwambia ni nini hasa kinaingia humo.

Randa: Hakuniambia. Ameniambia jana. Ni vichwa.

Buli alikuwa anamimina. Akaacha kumimina. Mimi sindano ilinikwama kwenye soli, na ile soli nilikuja kuimalizia siku ya pili yake.

Redio: Vichwa vya nini?

Randa: Vya watu, Redio. Vichwa vya watu, vitupu.

Hapo Nakala akainuka, akaingia kibandani kwake, akatoka na bunda la karatasi lenye doa jeusi kila ukurasa. Kumbe alikuwa analo wiki nzima. Ripoti ya kamati ya chuo, kurasa mia tatu na kumi na mbili, na yeye ndiye aliyeitolea nakala sitini. Hii ilitoka na doa, akaibakiza.

Buli: Wiki nzima umekaa nayo hujasema? Wewe?

Nakala: Nilitaka kuimaliza kwanza. Halafu nikaimaliza, nikakosa pa kuanzia.

Mimi: Anzia popote.

Nakala: Kuna chumba, ghorofa ya chini, kwenye lile jengo la zamani la mawe. Kina makabati ya vioo. Mle ndani kuna vichwa thelathini na saba vya watu weusi, watu wa nchi hii. Kila kimoja kina namba, imeandikwa kwa wino hapa, kwenye paji la uso. Wino bado unasomeka.

Redio: Nani kaandika?

Nakala: Profesa mmoja mgeni, wakati wa utawala wa wageni. Alikuwa na kitabu anakiandika. Alitaka kuonyesha dunia kwamba kichwa cha mtu mweusi ndani ni kidogo, kwa hiyo hafai kusoma, hafai kujitawala, anafaa kubeba mizigo.

Buli: Alipimaje ndani?

Nakala akatafuta ukurasa, japo ilionekana wazi kwamba ameukariri.

Nakala: Kwa mbegu. Mbegu za haradali. Anazimimina kichwani mpaka kinajaa, anatikisa, anaongeza. Kisha anazimwaga kwenye kikombe cha kupimia, anaandika.

Redio: Haba na haba hujaza...

Buli: Redio!

Redio: Nimenyamaza.

Nakala: Aliletewa na askari. Wapo walionyongwa kwa kukataa kujenga barabara ya lazima. Wapo waliofia gerezani, na ndugu zao wakaambiwa wametoroka. Wapo waliofukuliwa, hawana hata wiki ardhini. Humu ndani kuna barua yake. Anashukuru kwa sanduku alilotumiwa, anauliza kama wanaweza kumpatia na wanawake, kwa sababu wanaume sasa anao wengi.

 Wanafunzi wawili walikuja kutoa nakala wakatukuta tumekaa kama msibani, wakaondoka wenyewe. Nitasema kweli. Miaka kumi na tisa nashona viatu hatua mia mbili kutoka kwenye kile chumba. Nimemsema kila mtu wa mtaa huu, na hao sikuwajua.

Randa: Na kipimo kilitokaje?

Nakala: Kitabu chake kilisema vidogo. Lakini kamati imeyapitia madaftari yake ya mkono. Kila alipokutana na kichwa kilichobeba mbegu nyingi kuliko vya kwao, aliandika pembeni: kipimo kibovu, kirudiwe. Anakirudia mpaka kinampa anachotaka.

Hapo Redio hakuweza kujizuia tena. Alisimama kabisa.

Redio: Jamani, huyo mtu alikosea tangu siku ya kwanza! Wazee walisemaje? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema akili ni fuvu. Yeye kachukua vichwa visivyo na hata unywele mmoja, anatafuta akili ndani! Akili ilishatoka zamani, imebaki sakafuni kwa kinyozi!

Tulicheka. Tulicheka sana, mpaka taya langu likaenda upande na nikalirudisha kwa mkono. Halafu kicheko kikaisha mara moja, kila mtu akatazama chini, kwa sababu majeneza yalikuwa palepale nyuma yetu.

Buli: Mimi najiuliza, mbona wanawatoa leo? Miaka mia na kitu wamewafungia, leo ndiyo wamekumbuka?

Redio: Jengo linadidimia. Nina habari za uhakika. Upande wa chumba hicho umeshuka inchi tatu. Uzito wa dhuluma, bwana! Mhandisi kaja na kamba yake, kapima, kakimbia.

Nakala: Hakuna mhandisi humu. Ni wanafunzi. Walikaa mlangoni pa mkuu wa chuo siku kumi na moja, hawaingii darasani.

Redio: Basi wanafunzi waliona jengo linadidimia.

Buli: Mimi nina mawazo yangu.

Buli akisema ana mawazo yake, tunanyamaza, maana huwa nayo mara mbili kwa mwaka.

Buli: Mtu akikaa chuo miaka minne anatoka na shahada. Hawa wamekaa miaka mia moja na zaidi. Ukuta wa darasa si mnene. Wamesikia sheria, wamesikia hesabu, wamesikia tiba, wamesikia na hao wageni wakijisifu. Wamesikiliza bila kusinzia. Mimi nadhani wanaondoka kwa kuwa wamemaliza masomo.

Redio: Wapewe majoho! Nasema wapewe majoho leo hii, na kofia zile za pembe nne! Tena mkuu wa chuo mwenyewe awapigie magoti, maana hana hata robo ya elimu yao!

Nakala: Hapana. Hawakuwa wanafunzi. Ngojeni. Ukurasa wa themanini na nane. Walikuwa walimu.

Redio: Walimu wa nini tena?

Nakala: Miaka arobaini walifundisha madaktari. Vichwa vilitolewa kabatini, vikawekwa mezani, wanafunzi wakavishika. Hapa pameandikwa: kila daktari wa meno na wa mifupa ya uso aliyesoma hapa kipindi hicho alijifunza kwa kuvishika hivyo, namna taya linavyokaa katika fuvu.

Mimi: Linavyokaa nini?

Nakala: Taya.

Wote wakanigeukia. Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Nilimkumbuka yule daktari wa hospitali ya wilaya, kijana mwenye vidole vyembamba, ametoka chuo hikihiki. Alikuwa hanitazami usoni. Alikuwa anatazama dari, vidole vyake vinatembea chini ya sikio langu polepole, kama mtu anayekumbuka njia. Nilimuuliza baadaye, ulijuaje mahali pa kusukuma? Akajibu, nimeshashika mengi. Sikumuuliza ni ya nani.

Mimi: Taya hili nimekula nalo chakula miaka ishirini. Nimemtongoza mke wangu nalo. Nimewatukana ninyi nyote nalo. Kumbe kuna mtu alikatwa kichwa ili mimi niongee.

Redio: Taya, usilie sasa.

Mimi: Silii. Limekwenda upande tu.

Nilikuwa nalia. Simuonei mtu haya. Mtu akikuokoa, hata kwa kulazimishwa, hata hakujui, unamwambia ahsante. Na mimi nilikuwa sijui niisemee wapi ahsante hiyo, nikaisema kimoyomoyo kuelekea lile jengo la mawe.

Kengele ya chuo ikalia saa sita. Randa akashituka kama mtu aliyeamshwa.

Randa: Saa nane gari linakuja.

Mimi: Hivi karani alisemaje hasa?

Randa: Alisema mashimo yameshachimbwa, madogo. Gari ni dogo. Sherehe ni kesho, wakubwa wanakuja. Nikate yote yawe kama karatasi inavyosema. Saa nane akikuta hayajakatwa, watatumia ya plastiki.

Buli: Plastiki gani?

Randa: Yale masanduku ya kuhifadhia mafaili. Wanayo stoo.

Mimi: Yale yenye mfuniko wa kubana? Ya bluu?

Randa: Yale yale.

Redio: Si unaona? Kata, Randa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nakala: Safari hii Redio ana neno. Watoke kwenye vioo waingie kwenye plastiki? Mbao fupi ni afadhali.

Randa: Fundi wangu alinikataza. Jeneza likishapigwa msumari wa mwisho halirudi kwenye msumeno. Miaka thelathini na nne sijawahi.

Redio: Fundi wako hakuwahi kupata oda ya vichwa.

Randa: Na tena nauliza. Ukizika kichwa kwenye kisanduku cha kichwa, umezika nani? Umezika kichwa. Yule profesa naye alikuwa anasema hivyohivyo. Kwake walikuwa vichwa.

Buli: Ukikizika kwenye cha futi sita?

Randa: Umezika mtu. Sehemu haipo, lakini nafasi yake ipo. Nafasi si kitu, Buli?

Buli akajimiminia kahawa. 

Nakala: Sawa, nafasi ni kitu. Lakini saa nane haingoji nafasi. Wakishaingia kwenye plastiki, bwana, hilo ni juu yako.

Lile neno lilimwingia. Nilimwona Randa akishusha mabega. Akainuka, akalivuta jeneza la kwanza hadi kwenye vibao vya kazi, mimi na Buli tukamsaidia. Akatandaza futikamba, akahesabu sentimita arobaini na tano kutoka upande wa kichwani, akatoa penseli sikioni, akapiga mstari.

Tukautazama ule mstari. Ulikuwa karibu mno na ukingo. Kutoka pale mpaka miguuni mbao ziliendelea, zikaendelea, nyeupe, tupu, ndefu kupita kiasi. Mahali pa mabega. Mahali pa mikono iliyokataa kujenga barabara. Sikujua kwamba mtu ana urefu namna ile. Hata Redio alisogea nyuma, akakunja mikono tumboni kama tuko msikitini au kanisani.

Randa akauweka msumeno kwenye mstari.

"Hodi hapa," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa mama mmoja mtu mzima sana, mfupi, mwembamba, mkoba begani, barua mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari, na cha kushoto kimeachia mbele. Macho yangu huanzia huko kila mara.

Sote: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba wanangu. Poleni na kazi. Geti la chuo ndilo hili?

Buli: Ndilo, mama, ila wanafungua saa nane. Kaa upumzike. Umetoka mbali?

Mama: Tangu jana. Nimekuja kumchukua babu.

Alisema hivyo kama mtu aliyekuja kumchukua mzee hospitali karuhusiwa. Akakaa kwenye kigoda cha Randa, Buli akampa kahawa kwa mikono miwili, akainywa yote kwanza. Kisha akampa Nakala ile barua, kwa kuwa Nakala ndiye aliyekuwa na miwani.

Nakala akaisoma. Akachukua ripoti yake, akafunua katikati, kidole kikishuka ukurasa mzima.

Nakala: Mama, jina la babu yako nani?

Mama akalitaja. Sitaliandika hapa, si jina la kupitishwa vijiweni. Lakini nilimwona Nakala akisimama. Huyu mtu hupokea karatasi za mkuu wa chuo akiwa amekaa, miguu juu ya boksi.

Nakala: Ni yeye. Kati ya wote thelathini na saba ni mmoja tu mwenye jina. Askari aliyemleta aliliandika kwenye barua kwa mkewe, kwamba leo tumemnyonga fulani, na hakuomba kitu. Wengine wote wana namba tu, na pembeni, mwanamume, mwanamke, umri wa kati.

Mama: Hakuomba kitu. Bibi yangu, binti yake, alikuwa akituambia hivyo. Tulidhani anampamba baba yake.

Akaweka kikombe chini, akainuka, akaanza kutembea katikati ya majeneza. Hakushtuka. Alipitisha kiganja juu ya kila mfuniko aliofika, taratibu, kama mtu anayehesabu wanawe waliolala. Tukasogea kumpisha. Alipofika kwenye lile lenye mstari alisimama.

Mama: Fundi, hili unalikata?

Randa angeweza kudanganya. Sisi wengine tungedanganya, Redio angekuwa na uongo wa aina tatu tayari. Randa akavua kofia, akamweleza yote, tangu sentimita arobaini na tano mpaka plastiki.  Alipomaliza akasema, "Nisamehe mama. Nilikosea. Nilidhani ni watu."



Mama: Umekosea wapi sasa?

 Randa alisimama, kofia mkononi. Halafu akamuuliza kile ambacho huwauliza watu wote wanaokuja kwake na msiba, nimemsikia akikiuliza mara mia, ila safari hii alikiuliza kwa woga.

Randa: Mama, alikuwa mrefu kiasi gani?

Mama: Mrefu! Bibi alikuwa na miaka sita walipomchukua baba yake, lakini kitu kimoja alikishika. Nyumba yao ilikuwa na mlango ambao watu wote wanapita wima. Baba yake peke yake ndiye aliyeinama. Na ule mlango bibi aliusimamisha tena kila alipojenga. Mbao zilezile. Sote tumepimwa pale, watoto, wajukuu, vitukuu. Unasimama mlangoni, anakutazama juu, anasema, bado. Bado hujamfikia. Mwanangu wa tatu ni mrefu mpaka watu wanamcheka, akasimama pale, bibi kizee amelala kitandani hajiwezi, akainua kichwa akatazama. Akasema, bado kidole.

Randa: Ule mlango bado upo?

Mama: Upo. Na barua iliposema anarudi, niliupima.

Akafungua mkoba. Akatoa uzi wa kudarizi umeviringwa kwenye kijiti, akamkabidhi ncha Randa. Randa akashika upande wa kichwani wa jeneza, mama akaenda miguuni akiufungua ule uzi taratibu. Ukafika mwisho wa jeneza. Ukapita. Ukaning'inia nje ya ubao, kiasi cha shibiri nzima na vidole viwili, na yeye bado ameukaza.

Randa aliutazama ule uzi. Sote tulitazama. Mtu aliyeandikwa namba kwenye paji la uso, aliyejazwa mbegu za haradali ili aonekane mdogo, alikuwa hatoshi kwenye futi sita.

"Mungu wangu," Buli akasema. "Alikuwa mtu mkubwa."

Randa akachukua randa yake, akaukwangua ule mstari wa penseli mpaka ukapotea. Kisha akageuka kwangu.

Randa: Taya, karani akija mwambie sikati. Mwambie mbao zimepungua, naongeza.

Nakala: Na ya plastiki?

Mama: Mwenye ya plastiki aje aniambie mimi.

Redio akapiga kofi moja, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Tulikuwa tumefurahi, nisiseme uongo. Buli alishaanza kuosha kikombe amtilie mama kahawa nyingine. Randa alishapanda juu ya vibao kuchagua ubao mrefu. Lakini mama hakurudi kukaa. Alibaki amesimama katikati ya uwanja, uzi mkononi, akiyatazama yale majeneza mengine, moja baada ya jingine, yote sawa, yote futi sita.

Mama: Na hawa thelathini na sita, nani aliwapima akaona wanatosha?

Randa akashuka, ubao mkononi. Redio alifungua mdomo, tukamngoja, akaufunga. Nakala akairudisha ripoti ukurasa wa kwanza, akaanza kuwatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Getini honi ya gari la chuo ikalia, ikalia tena, na hakuna aliyegeuka.